Alama 14 za Hisabati, na miezi miwili imebaki

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Pasua hapa Moshi na ninauza nguo za mitumba katika soko la Kiborloni. Mwanangu wa kwanza, mvulana wa miaka 13, yuko darasa la saba katika shule ya serikali, na mwezi Septemba atafanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Ninakuandikia kwa sababu nyumba yetu imekosa amani kwa ajili ya mtihani huo.

Katika mtihani wa majaribio wa mkoa alipata Kiswahili 41, Uraia na Maadili 38, Maarifa ya Jamii 36, Sayansi na Teknolojia 33, Kiingereza 22 na Hisabati 14, kila somo likiwa na alama 50. Baba yake alipoiona hiyo 14 hakula chakula usiku ule. Yeye ni mpagazi mlimani. Hupanda na wageni akakaa huko siku sita au saba, akirudi hukaa siku mbili tatu kisha huondoka tena, na tangu mtoto akiwa darasa la kwanza amekuwa akisema kwamba mwanawe atasoma shule ya sekondari ya Ilboru na hatabeba mizigo ya watu kama yeye. Sasa kila akirudi jambo la kwanza ni kuuliza habari za Hisabati, na mtoto akisikia tu mlio wa bodaboda inayomleta baba yake anaingia chumbani na kujilaza.

Shuleni nako wanafunzi wa darasa la saba wanatakiwa kufika saa kumi na mbili asubuhi na wanatoka saa kumi na moja jioni. Mwalimu mmoja ameweka utaratibu kwamba anayepata chini ya 25 kwenye zoezi la Ijumaa anachapwa fimbo moja kwa kila alama iliyopungua, na Ijumaa mbili zilizopita mwanangu amechapwa nane na sita. Nilipokwenda kuuliza niliambiwa kwamba wazazi wa siku hizi tunadekeza watoto. Kisha jirani akanishauri tuisheni ya usiku, kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu, shilingi 1,000 kwa siku, nikamwandikisha. Anarudi, anakula huku anasinzia, anamaliza kazi za shule saa tano, na saa kumi na nusu alfajiri ninamwamsha. Wiki iliyopita alikojoa kitandani, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa na miaka minne.

Mimi niliishia darasa la saba na hesabu zenyewe nimezisahau, kwa hiyo siwezi kumfundisha. Yuko pia mzazi mwenzangu aliyeniambia kwamba kuna mtu anauza mtihani wenyewe kwa simu siku chache kabla, kwa shilingi 50,000. Sipendi uovu, lakini ninakiri kwamba nimelala nikiliwaza jambo hilo. Je, niongeze tuisheni na siku za Jumapili? Nimtafutie mwalimu mwingine? Au nikubali tu kwamba Hisabati si fungu lake?

Mama wa Pasua, Moshi

*

Marahaba, mama, na pole sana kwa mzigo huu unaoubeba karibu peke yako.

Kabla ya kufanya jambo lingine lolote nilizijumlisha alama za mwanao, na nina hisia kwamba nyumbani kwenu hakuna aliyezijumlisha, kwa sababu macho yote yaliishia kwenye ile 14. Jumla yake ni 184 kati ya 300. Katika utaratibu wa madaraja ambao Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwa likiutumia kwa masomo haya sita, mwanafunzi mwenye jumla ya kuanzia 241 hupata daraja A, wa 181 hadi 240 hupata B, wa 121 hadi 180 hupata C, na hao wote huhesabiwa kuwa wamefaulu. Mwanao, pamoja na 14 yake ya Hisabati, yuko kwenye B. Ninaomba umwambie hivyo leo jioni, kwa maneno hayohayo, kwa sababu ninaamini yeye mwenyewe anadhani ni mtoto aliyefeli, na mtoto anayejihesabu kuwa amefeli huacha kujaribu maswali ambayo angeyaweza.

Kuhusu Ilboru sitakupa matumaini ya bure. Shule hiyo, kama zilivyo Kibaha, Mzumbe na Tabora Wavulana, huchukua wavulana wenye ufaulu wa juu sana, na kutoka 184 hadi huko ni mbali kwa muda wa miezi miwili. Hata hivyo Ilboru ina kidato cha tano na cha sita, na mtoto anayefanya vizuri kidato cha nne akitokea shule yoyote ya kata anaweza kupangiwa huko. Njia hiyo haijafungwa, ila inapita mahali pengine na inachukua miaka minne zaidi.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, kama uongeze tuisheni. Jibu langu ni kwamba uiondoe hata hiyo iliyopo, na usisubiri mwisho wa mwezi. Mtoto wa miaka 13 anahitaji usingizi wa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Wako, kwa ratiba uliyonieleza, analala muda wa saa tano na nusu. Alichofundishwa mchana hutulia kichwani akiwa amelala, na asipolala vya kutosha huamka na kumbukumbu nyepesi, umakini mdogo na hasira za karibu. Unalipa shilingi 1,000 kila siku ili apate saa mbili za masomo, kisha saa hizo hizo mbili zinamnyang'anya nguvu ya kuelewa masomo ya siku nzima ya kesho yake. Huko kukojoa kitandani nakuomba usimkaripie wala usimtanie mbele ya wadogo zake. Mara nyingi ni ishara ya hofu na uchovu, lakini likijirudia, au ukiona anakunywa maji mengi kuliko kawaida au anaumia wakati wa kukojoa, mpeleke kituo cha afya, kwa sababu yapo maradhi yanayoanza hivyo.

Nilifundisha Hisabati madarasa ya juu ya shule ya msingi hapa Arusha kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo sikuwahi kukutana na mtoto aliyepata 41 ya Kiswahili na 14 ya Hisabati kwa sababu ya uvivu. Mtoto mvivu hupata kidogo kote. Anayesoma na kuelewa habari kwa kiwango cha 41 ana akili timamu na ana bidii, ila kuna mahali fulani nyuma, aghalabu darasa la nne au la tano, ambapo somo lilimpita: aliugua wiki mbili, au alihamishwa shule, au mwalimu alibadilishwa katikati ya muhula, au darasa lilikuwa na watoto wengi kiasi kwamba hakuna aliyemwona. Kwa kuwa Hisabati ya leo hujengwa juu ya ile ya jana, pengo la darasa la nne halibaki darasa la nne. Linamfuata hadi la saba na kujitokeza katika sura nyingine, na ukimpa mitihani ya miaka iliyopita thelathini mfululizo, atakosea pale pale mara thelathini. Hilo ndilo kosa la tuisheni nyingi ninazozijua: zinatoa mazoezi mengi kwa mtoto ambaye hajui anakosea wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulitafuta hilo pengo. Nenda shuleni ukaombe karatasi yake ya mtihani wa majaribio, na kama haipatikani, chukua madaftari yake ya mazoezi ya Ijumaa. Kaeni wawili mezani, mchana, akiwa ameshiba. Hutakiwi kujua Hisabati kwa kazi hii. Mwulize kwa kila swali alilokosa: hili hukulijua kabisa, au ulilijua ukakosea njiani, au hukulifikia kwa sababu muda uliisha? Yaandikeni katika mafungu matatu. Ninatarajia mtashangaa wote wawili, kwa kuwa fungu la yale asiyoyajua kabisa huwa dogo kuliko mtu anavyodhani, na makosa yake hujirudia kwa namna ileile.

Nikupe mfano wa kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote. Mtoto anaulizwa nusu kujumlisha theluthi, anajumlisha namba za juu na namba za chini, anaandika mbili ya tano. Mwambie achukue chungwa: nusu pekee tayari ni zaidi ya mbili ya tano, sasa imewezekanaje aongezewe kipande kingine apungukiwe? Mtoto akiliona hilo kwa macho yake, utamsikia akicheka, na siku hiyo ndipo anapokuwa tayari kujifunza kwamba sehemu zinajumlishwa zikiwa zimekatwa kwa ukubwa mmoja, yaani tatu ya sita na mbili ya sita, jumla tano ya sita. Asiyezijua sehemu hawezi kuzijua desimali, asilimia, uwiano wala faida na hasara, na ukikusanya maswali ya mada hizo katika mtihani wa darasa la saba unapata fungu kubwa. Ndiyo maana ninakusihi msione aibu kutafuta kitabu cha darasa la nne au la tano na kuanza humo. Wiki mbili za sehemu peke yake zitamfaa kuliko miezi miwili ya kila kitu.

Jingine ni ile MAGAZIJUTO ambayo kila mtoto wa Kitanzania huimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia sana, lakini wapo wanaoielewa kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa popote, hivyo wakiona 10 − 3 + 2 wanajumlisha kwanza 3 na 2, wanapata 5. Jibu ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina hadhi moja na hufanywa kwa kufuata mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na vivyo hivyo kugawanya na kuzidisha. Mpe mwanao swali hilo leo. Akisema 5, umeshapata moja ya mapengo yake bila kulipa shilingi.

Umesema huwezi kumfundisha kwa sababu umesahau hesabu. Mama, wewe unayefungua belo la nguo na kujua kabla ya saa sita mchana kama litarudisha fedha zako, unafanya hesabu ngumu kuliko nyingi zilizomo kwenye karatasi hiyo. Mchukue Jumamosi asubuhi mwende naye Kiborloni. Tuseme belo limenunuliwa shilingi 300,000 na nguo zake zikauzwa jumla 360,000: mwulize faida ni kiasi gani, kisha faida hiyo ni asilimia ngapi. Hapa ndipo watoto wengi hupotea, kwa kuwa huigawanya 60,000 kwa bei ya kuuzia badala ya bei ya kununulia. Mwambie mtaji wako ulikuwa ule wa 300,000, na faida hupimwa kwa mtaji uliotoka mfukoni. 60,000 juu ya 300,000 ni sawa na asilimia 20. Akilihesabu jambo hilo mara tatu kwa nguo unazoziuza, hatalikosa kwenye karatasi.

Jioni za siku za shule msizidishe dakika arobaini, na ziwe baada ya kuoga, kula na kukaa kidogo na wadogo zake. Maswali matano yanatosha. Afunge kitabu, akufundishe wewe: akueleze kwa sauti alivyofanya na kwa nini. Kukumbuka kitu kitabu kikiwa kimefungwa humjenga mtoto kuliko kukisoma mara kumi kikiwa wazi, na akikwama mbele yako mtajua mara moja ni wapi pa kurudia. Swali alilokosa leo mlirudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Saa tatu usiku awe kitandani, na umwamshe si kabla ya saa kumi na moja na nusu, hata kama itabidi uzungumze na shule kuhusu muda wa kufika. Jumapili aende kanisani au msikitini, acheze mpira, na daftari lisifunguliwe.

Sasa kuhusu fimbo, na hapa nitasema wazi kwa kuwa linaniuma. Kanuni za nchi yetu kuhusu adhabu ya viboko shuleni, za mwaka 1979 na marekebisho yake ya mwaka 2002, zinahusu makosa makubwa ya nidhamu; zinamtaka mwalimu mkuu mwenyewe, au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, ndiye atoe adhabu hiyo; zinataka iandikwe kwenye kitabu; na zinakataza kuzidi viboko vinne. Kukosea hesabu si kosa la nidhamu. Fimbo nane kwa mtoto mmoja, kwa sababu ya alama nane, ziko nje ya kanuni kwa kila kipimo, na aliyekuambia kwamba unadekeza mtoto hakukujibu ulichouliza. Tena zinaharibu kazi yenyewe, kwa sababu hesabu hufanywa kwa kushika mambo mawili matatu akilini kwa wakati mmoja, na mtoto mwenye hofu akili yake imejaa hofu, kwa hiyo hana pa kuyashikia. Mwanao anaingia kwenye zoezi la Ijumaa akihesabu viboko kabla hajahesabu swali la kwanza.

Rudi shuleni, safari hii kwa mwalimu mkuu, na ikiwezekana mwende wazazi wawili watatu wa darasa hilo, kwa heshima na bila kelele, mkitaja tarehe na idadi ya viboko. Usipopata msaada, iko kamati ya shule, yuko Afisa Elimu Kata, na juu yake Afisa Elimu wa Manispaa. Ipo pia namba 116 ya huduma kwa watoto, ambayo ni bure. Walimu wengi wa darasa la saba wamebanwa na matarajio ya ufaulu kutoka juu, ninalijua hilo kwa kuwa nimelipitia, na wengi wao wakifuatwa kwa utulivu husikia.

Mtihani unaouzwa kwa simu usiuguse. Mara nyingi anayeuza hana kitu isipokuwa karatasi ya zamani iliyobadilishwa mwaka, naye hutoweka na fedha zako. Ikitokea anacho kweli, umenunua kosa la jinai, na Baraza hufuta matokeo ya watahiniwa linaowabaini katika udanganyifu. Mtoto mwenye B yake halali ataipoteza kwa jambo ambalo hakulihitaji. Umekiri kwamba umeliwaza, na sikulaumu. Umeliwaza kwa sababu ulidhani anafeli, na sasa unajua hafeli.

Kiingereza cha 22 kisikusumbue kabla ya Septemba. Kitakuwa cha lazima Januari, atakapoingia kidato cha kwanza ambako karibu masomo yote hufundishwa kwa lugha hiyo, na kati ya mtihani na Januari ana miezi mitatu ambayo watoto wengi huipoteza. Weka akiba hiyo shilingi 1,000 uliyokuwa ukiitoa kila usiku, uitumie wakati huo kwa vitabu vya hadithi vya Kiingereza chepesi na kwa mwalimu mmoja mzuri wa mchana.

Wiki mbili za mwisho afanye mazoezi ya namna ya kujibu. Katika maswali ya kuchagua mtoto huweka kivuli kwa penseli ya HB kwenye herufi ya jibu katika fomu maalumu, kwa sababu fomu hizo husomwa na mashine, na nimeona watoto wenye uwezo wakiruka swali moja bila kuruka mstari wake, majibu yote yaliyofuata yakakaa mahali si pake. Mchoree fomu ya namna hiyo kwenye daftari, ajizoeze kulinganisha namba ya swali na namba ya mstari kila baada ya maswali matano. Swali linalomshinda aliwekee alama pembeni, asonge mbele, alirudie mwishoni, na swali la kuchagua asiliache wazi kamwe. Penseli ziwe mbili, zimechongwa, na kifutio kisichochafua.

Limebaki la baba yake, na ninakuomba umsomee sehemu hii mwenyewe. Ndugu yangu, ninakuheshimu kwa kazi unayoifanya na kwa sababu unayoifanyia. Unajua kwamba mzigo wa mpagazi huwekwa kwenye mizani getini kabla ya kupanda, na uliozidi hupunguzwa, wala hakuna anayesema kwamba kupunguza huko ni kumdekeza mpagazi. Mwanao amebebeshwa saa kumi na moja za shule, saa mbili za tuisheni, fimbo za Ijumaa na ndoto ya Ilboru, na hakuna aliyempima. Ukishuka safari ijayo, mwulize kwanza habari nyingine yoyote, mpira au rafiki zake, na usubiri yeye mwenyewe alete daftari. Huenda asilete siku ya kwanza. Mwache, usimdai.

Na kama siku za mtihani zitakukuta kazini, mpigie simu asubuhi kabla hujaingia getini, kwa sababu huko juu mtandao haueleweki. Mwambie ulipo, mwambie kama mlima umefunguka au umejifunika mawingu, na umuulize amekunywa chai na nini.